New South Wales wanaogopa Brisbane, kumbe kaburi lao liko Sydney

State of Origin ni kipute cha raga cha Australia, mechi tatu kila mwaka kati ya majimbo ya New South Wales na Queensland. Mara ya mwisho New South Wales kushinda mechi yake jijini Sydney, ngao ikiwa bado inagombewa, ilikuwa Novemba 2020, mwaka ule wa korona ambapo kipute chenyewe kilisogezwa hadi baada ya msimu wa ligi. Waliwanyuka Queensland 34-10. Tangu hapo wamecheza nyumbani mara nne. Mwaka 2022 walilala 16-10. Mwaka 2023 walishinda 24-10, lakini ilikuwa mechi ya kujifariji tu, kwani Queensland walikwisha kubeba mbili za kwanza. Mwaka 2024 wakanyolewa 38-10. Mwaka 2025, mechi ya kuamua bingwa, wakalimwa 24-12.

Naanza na hesabu hizo kwa sababu mfululizo wa 2026 unaanzia papo hapo, Accor Stadium, Jumatano tarehe 27 Mei. Mechi ya pili ni Melbourne tarehe 17 Juni, ya tatu Brisbane tarehe 8 Julai. Shabiki wa Blues, kama wanavyoitwa New South Wales, akiitazama ratiba hiyo anasema: tuzimalize mbili za kwanza, tusije tukafika Brisbane tukiwa sare. Maneno hayo yana mantiki, na historia inayaunga mkono kiasi. Ila nadhani hofu hiyo imeelekezwa pabaya.

Kwa aliyezoea raga ya wachezaji saba ya kina Shujaa, au ile ya kumi na tano, hii ni raga ya ligi. Wachezaji ni 13 kila upande, mchezo ni wa dakika 80, na hakuna rundo la watu wanaogombania mpira chini. Ukikabwa unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, wenzako wanaendelea. Mkikabwa mara sita, mpira ni wa wapinzani. Kwa hiyo baada ya kukabwa mara tano timu nyingi hupiga mpira mbali, na mchezo mzima hugeuka vita ya eneo: nani anaanza kushambulia akiwa wapi. Trai ni pointi 4, mkwaju wa baada ya trai 2, penalti 2. Hizo pointi 2 za mkwaju zitunze, maana ndizo zilizowaliza New South Wales zaidi ya mara moja.

Origin yenyewe ilitokana na uchungu wa pesa. Tangu 1956, sheria za New South Wales ziliruhusu klabu za wanachama kuweka mashine za kamari, na klabu za raga za Sydney zikatajirika. Zikawa zinavuka mpaka kwenda Queensland kununua vijana wazuri. Na kwa kuwa timu za majimbo zilichaguliwa kwa kufuata mahali mtu anapocheza, si alikotoka, vijana wale wale walirudi kuwapiga ndugu zao wakiwa wamevaa buluu ya anga. Miaka ikapita Queensland wakichapwa na watoto wao wenyewe. Mwaka 1980, baada ya New South Wales kushinda mechi mbili za kwanza za mwaka huo, pande zote zikakubaliana kuijaribu ya tatu kwa utaratibu mpya: kila mtu arudi kwao. Tarehe 8 Julai, uwanja wa Lang Park, Brisbane, Arthur Beetson aliyezaliwa Roma, mji wa bara huko Queensland, akaongoza timu akiwa na miaka 35, amevaa jezi ya rangi ya damu ya mzee. Msimu huo alikuwa mchezaji wa Parramatta ya Sydney. Mpaka leo watu wakisimulia mechi ile wanaanza na jinsi alivyomvaa Mick Cronin, mwenzake wa klabu moja. Queensland walishinda 20-10.

Tazama sasa ratiba ya 2026: mechi ya tatu ni tarehe 8 Julai, uwanja ule ule, miaka 46 kamili baadaye. Sijui kama aliyeipanga alikusudia, lakini Queensland hawataacha kuitumia.

Tofauti kubwa na utani wa jadi tulioufahamu sisi ni kwamba hapa hakuna usajili. Simba ikimtaka mchezaji wa Yanga, na kinyume chake, kuna dirisha, kuna mkataba, kuna pesa. Queensland hawawezi kumsajili Nathan Cleary, nyota wa New South Wales, hata wakiuza bandari. Mtu ni wa jimbo alikozaliwa, au alikoishi kabla ya kutimiza miaka 13, au la mzazi aliyewahi kucheza Origin. Hilo la umri lina mguso wake kwetu pia. Kuna familia za Kikongo na Kirundi zinazozungumza Kiswahili huko Logan, kusini mwa Brisbane, na Toowoomba, zilizofika Australia kwa njia ya ukimbizi. Mtoto aliyeingia huko na wazazi wake akiwa na miaka 8 ni wa Queensland kwa macho ya sheria hii, na kaka yake aliyefika na miaka 14 si wa Queensland. Ipo siku jina la ukoo wa Uvira au Fizi litaandikwa kwenye jezi ya damu ya mzee, na baba atalazimika kuwaeleza jamaa zake kwenye simu huo ni mchezo gani.

Turudi kwenye kibarua chenyewe. Tangu mfululizo wa mechi tatu uanze 1982, Queensland wameubeba mara 25, New South Wales mara 17, na mara mbili, 1999 na 2002, walitoka sare. Hii ni ajabu ukizingatia idadi. New South Wales wana watu zaidi ya milioni 8, Queensland milioni 5 na kitu. Kati ya klabu 17 za ligi kuu ya NRL, 10 ziko New South Wales na 4 tu ziko Queensland. Kikosi cha Blues, ukikiandika kwenye karatasi kila Mei, huwa kinatisha. Kisha mpira unapigwa.

Maelezo rahisi, na yanayopendwa sana, ni kwamba Queensland wana moyo. Wanatajwa wale wa 1995, ambapo mgogoro wa Super League, ligi mpya pinzani, uliwanyang'anya nyota wao, wakateua watu wasiojulikana na bado wakashinda zote tatu, ya kwanza kwa 2-0. Wanatajwa wale wa 2020, walioitwa na baadhi ya waandishi kikosi kibovu zaidi katika historia ya Queensland kabla ya kushinda 2-1 chini ya mzee Wayne Bennett. Mimi habari ya moyo naiheshimu, lakini imezidi kutumika. Moyo hauelezi ni kwa nini New South Wales wameshinda safari zao mbili za mwisho Brisbane.

Ndiyo, wameshinda zote mbili, na hilo halisemwi vya kutosha. Lang Park, leo Suncorp Stadium, uliojengwa palipokuwa makaburi ya zamani, una sifa ya kuwamaliza wageni. Jukwaa liko karibu na mstari kiasi kwamba winga anasikia anachoitwa. Mechi za kuamua bingwa zilizochezwa hapo, New South Wales wameshinda tatu tu: 1994, 2005 na 2024. Sawa. Lakini Julai 2024 walishinda 14-4, kwa trai mbili za kipindi cha pili za Bradman Best na Mitchell Moses, na Mei 2025 wakarudi hapo wakashinda 18-6. Katika mechi hizo mbili waliruhusu pointi 10 kwa jumla. Katika mechi mbili za Sydney za miaka hiyo hiyo waliruhusu 62.

Mtu hawezi kuruhusu 10 ugenini na 62 nyumbani kwa bahati mbaya.

Sehemu ya jibu ni uwanja. Accor Stadium ulijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2000, unapokea zaidi ya watu 80,000, na mtazamaji yuko mbali na mchezo. Zaidi ya hapo, Sydney ina klabu tisa zinazochukiana. Shabiki wa South Sydney anayemzomea mchezaji wa Roosters Ijumaa anaombwa amshangilie Jumatano. Anajaribu, lakini haitoki tumboni. Dakika kumi mbaya zinatosha kuufanya uwanja mzima unyamaze, na ukinyamaza unasikia Queensland waliosafiri wakiimba peke yao. Brisbane kwa muda mrefu ilikuwa mji wa klabu moja tu, Broncos, na hata klabu ya Dolphins ilipoingia ligi mwaka 2023, usiku wa Origin rangi ni moja.

Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni jinsi Blues wanavyocheza wakiwa wageni na wanavyocheza wakiwa wenyeji. Wakienda Brisbane wanajua watapigwa na kelele, basi wanafunga mkanda. Wanabeba mpira kwa mapropu, wale wazito wa mbele, wanakabwa, wanabeba tena, wanapiga mbali kwenye kona, wanakimbilia kukaba. Mchezo unakuwa mkavu, hauna raha kuutazama, na ndio unaoshinda. Wakirudi Sydney wanataka kuthibitisha kuwa wao ndio bora. Pasi za hatari zinaanza mapema. Adhabu zinaanza kutoka. Mtu anataka kutikisa uwanja kwa ukabaji mmoja.

Juni 2024 ndiyo picha kamili. Dakika kumi za kwanza hazijatimu, Reece Walsh, beki wa mwisho wa Queensland, anautoa mpira kwa pasi. Joseph Sua'ali'i, kijana anayecheza Origin yake ya kwanza, tayari yuko mwendo kasi. Mpira umeshaondoka, Walsh ameinama kidogo kama inavyomtokea mtu aliyemaliza kupasi, na bega la Sua'ali'i linatua usoni. Walsh hakurudi mchezoni. Sua'ali'i alitolewa, na New South Wales wakacheza zaidi ya saa nzima wakiwa 12. Hamiso Tabuai-Fidow akafunga trai tatu. Watu walimlaumu kijana, na kosa lilikuwa lake, lakini hamu ile ya kuumiza mtu mapema haikuwa yake peke yake. Timu nzima iliingia ikiwa na moto usio na mshiko.

Kocha wa wakati huo, Michael Maguire, alirekebisha mambo kwa wiki tatu. Melbourne wakaenda mapumziko wakiongoza 34-0 na kumaliza 38-18, kisha wakafunga kazi Brisbane. Halafu akaondoka. Alikwenda kuifundisha Broncos, klabu ya Brisbane, na Oktoba 2025 akaipa ubingwa wa ligi kwa kuilaza Melbourne Storm 26-22. Mchezaji bora wa fainali hiyo alikuwa Reece Walsh. Wanaoipenda New South Wales wanaruhusiwa kusaga meno.

Aliyempokea kijiti ni Laurie Daley, na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo mkubwa kuliko mahali pengine popote. Daley alikuwa mchezaji wa ajabu, hilo halina ubishi. Kama kocha wa Blues aliongoza kuanzia 2013 hadi 2017, akashinda 2014 tu, mwaka uliokata mnyororo wa Queensland wa mifululizo minane. Akarejea 2025, akafungwa. Mifululizo sita, ushindi mmoja. Lakini hata idadi hiyo si tatizo kubwa kama namna alivyofungwa.

Mwaka 2017 Blues walikwenda Brisbane, wakashinda mechi ya kwanza 28-4. Wakarudi Sydney, wakaongoza 16-6 hadi mapumziko. Wangeshinda hiyo, kazi ilikuwa imekwisha. Kipindi cha pili hawakupata hata pointi moja. Dane Gagai akafunga trai dakika za lala salama, na Johnathan Thurston, bega likiwa limekwisha kabisa, akasimama pembeni akapiga mkwaju uliofanya 18-16. Trai zilikuwa tatu kwa tatu. Thurston hakucheza tena mfululizo ule, hakuhitajika. Mechi ya tatu Queensland walishinda 22-6.

Mwaka 2025 Blues walikwenda Brisbane, wakashinda mechi ya kwanza 18-6. Mechi ya pili ilikuwa Perth. Safari hii walilala mwanzoni badala ya mwishoni: mapumziko yalifika wakiwa nyuma 26-6. Kisha kipindi cha pili wakafufuka, wakafunga trai nne bila kujibiwa, Brian To'o akimaliza usiku na trai zake tatu. Matokeo yakawa 26-24. Hesabu: trai nne ni pointi 16, kipindi chote walipata 18, maana yake mkwaju mmoja tu uliingia. Blues walifunga trai tano usiku ule, Queensland nne, na Queensland wakashinda. Mechi ya tatu unaijua tayari.

Kocha yule yule, mpango ule ule: unashinda Brisbane, unaongoza 1-0, kisha unapoteza ya pili kwa pointi 2 na ya tatu bila ubishi. Mtu anaweza kusema ni sadfa. Mimi nasema timu za Daley zikishapata uongozi wa mfululizo zinaanza kucheza kana kwamba muda uko upande wao. Na mara zote mbili pointi zilizowatenganisha na ngao zilikuwa thamani ya mkwaju mmoja.

Ndiyo maana uteuzi wa kwanza ambao ningeufanya kama ningekuwa na kalamu ni mpiga mikwaju, kabla hata ya nahodha. Mwaka 2025 kazi hiyo alipewa Zac Lomax, winga, huku Cleary akisumbuliwa na nyonga. Lomax aliachana na Parramatta mwishoni mwa mwaka huo, kwa hiyo swali linarudi mezani. Jibu liko wazi. Cleary akiwa mzima apige yeye, Moses awe wa pili. Asipewe mtu kazi hiyo kwa kuwa yuko pembeni na miguu yake haijachoka.

Kuhusu Cleary, kuna mjadala Sydney ambao kwa mtu wa mbali unachekesha. Huyu ni hafubeki, mpangaji wa mashambulizi, aliyeshinda ubingwa wa ligi mara nne mfululizo na Penrith, 2021 hadi 2024, na mara mbili akawa mchezaji bora wa fainali. Kwa klabu hakuna anayemgusa. Kwa jimbo wanasema hajawahi kuushika mfululizo kama hafubeki wa zamani Andrew Johns alivyoushika 2005. Na wakikumbuka kwamba Blues walishinda 2024 yeye akiwa majeruhi, wakiwa na Moses namba 7 na Jarome Luai namba 6, minong'ono inaongezeka.

Sikubaliani na minong'ono, ila naielewa. Penrith ni mashine. Cleary hapo anapiga mpira mahali fulani kwa sababu anajua nani atakuwa wapi sekunde nne baadaye, wamezoeana tangu utotoni. Kwenye Origin anapewa siku chache za kambi na mwenzake wa namba 6 anayebadilika kila mwaka. Dawa si kumtoa Cleary, dawa ni kumzungushia watu anaowajua. Isaah Yeo wa Penrith yupo katikati. Dylan Edwards wa Penrith ni beki wa mwisho. To'o wa Penrith ni winga. Luai alikua naye Penrith kabla ya kwenda Wests Tigers. Najua James Tedesco alichaguliwa mchezaji bora wa ligi 2025, na wapo watakaosema ni dhambi kumwacha. Tedesco ningemwacha. Edwards hafanyi maajabu, lakini anarudisha mpira wa kwanza mita nyingi kila seti, na anajua Cleary anataka nini bila kuulizwa. Moses naye? Anakaa nje, na inauma, kwa sababu yeye ndiye aliyeshinda Brisbane. Ningemweka benchi kama kanuni za kikosi na hali za majeruhi zinaruhusu, sivyo abaki nyumbani akisubiri simu.

Mbele, kwenye pakiti ya mapropu, sina mengi ya kusema. Payne Haas akiwa mzima, hakuna timu ya Australia isiyomtaka. Inachekesha kidogo kwamba nguzo ya Blues katika eneo hilo ni mchezaji wa Broncos, aliyebeba ubingwa wa Brisbane pamoja na Walsh, na tarehe 8 Julai anaweza kujikuta akimkaba Walsh mbele ya mashabiki ambao wiki iliyotangulia walikuwa wanamwimbia.

Queensland sasa. Inasemwa wao hawamwachi mtu, kwamba ukishavaa jezi wanakulinda hata ukiteleza. Kwa miaka mingi ilikuwa kweli. Lakini baada ya kufungwa mechi ya kwanza 2025, kocha Billy Slater alimtoa nahodha wake Daly Cherry-Evans, aliyekuwa nahodha tangu 2019, akamkabidhi Cameron Munster unahodha na Tom Dearden jezi namba 7. Angefungwa Perth, wangemla mzima. Alishinda mbili mfululizo. Munster alicheza mechi ya tatu siku chache baada ya kufiwa na baba yake ghafla. Hilo halihitaji maelezo yangu.

Kwa hiyo wanaingia 2026 na kitu ambacho New South Wales hawana: uti wa mgongo uliokwisha kujaribiwa kwenye moto. Munster na Harry Grant, huka anayeutoa mpira kila mwenzake anapokabwa, wanacheza pamoja Melbourne Storm wiki baada ya wiki. Dearden ameshakuwa mtu mzima. Kichwa kinachomuuma Slater ni beki wa mwisho. Mwanzoni mwa mfululizo wa 2025 alimpa jezi hiyo Kalyn Ponga, na Walsh akabaki nje. Baada ya fainali ile ya Oktoba sioni atakavyoendelea kumweka nje, lakini Walsh ni mchezaji wa kukupa trai mbili na kukupa kosa moja la kutisha, na Origin husamehe kidogo. Nikiwa New South Wales, ningependa achaguliwe. Ningempiga mipira mirefu juu, mvua ikinyesha, nikaona.

Melbourne inaitwa uwanja wa kati, na wengi wanasahau kwamba Munster, Grant na winga Xavier Coates wanaishi mji huo. Lakini MCG, uwanja itakapochezwa mechi hiyo, si uwanja wao wa klabu, na rekodi ya hapo inawapendelea Blues: 2015, 2018 na 2024 walishinda zote. Nyasi ni pana, jukwaa liko mbali, hakuna mwenyeji. Timu yenye watu wengi wazuri hufaidika mahali kama hapo.

Kwa mtazamaji wa huku kwetu, mpira huanza saa mbili usiku kwa saa za Sydney, maana yake saa saba mchana Nairobi na Dar es Salaam, Jumatano. Ni saa ya chakula cha mchana, wala si ya kuamka usiku wa manane. Na mwaka huu tarehe 27 Mei iko palepale na Idi ya kuchinja, kwa kutegemea mwandamo, kwa hiyo watu wa Mombasa na Zanzibar watakuwa na pilau mbele na sababu ya kukaa nyumbani.

Utabiri wangu? Queensland wanashinda Sydney, kwa tofauti ndogo, kwa sababu sijaona dalili kwamba Blues wamejifunza kucheza nyumbani kama wageni. Blues wanasawazisha Melbourne. Na Brisbane, pale wanapopaogopa, wanashinda kwa pointi zisizozidi sita, ikiwa Cleary ni mzima na ndiye anayepiga mikwaju. Ikiwa Daley atampa mtu mwingine, ngao inabaki Queensland.